Cheza Hadi Usikie

Jumatatu, 6 Mei

Kosa la wengi wanaoingia shindano lao la kwanza la gofu ni kudhani kwamba gofu ni kupiga mpira. Gofu ni adabu. Kupiga ni sehemu ndogo tu, tena ndiyo inayoumiza mgongo.

Nililisema hili leo klabuni, karibu na moto. Nililisema kwa utaratibu, kwa mifano. Nilipogeuka, niliyekuwa nikimweleza alikwisha kuondoka na kiti chake kimekaliwa na mbwa wa Kapteni wa klabu. Mbwa alisikiliza vizuri.

Jumamosi ni shindano la Birika. Hapa Inverwhin kila anayeanza mashindano ya gofu hucheza Birika mara moja tu maishani, na mshindi huandikwa jina kwa herufi za dhahabu kwenye ubao wa ukumbini. Zawadi yenyewe ni birika la shaba lililotoboka. Halichemshi chai. Watu wazima wamelililia.

Kila mgeni hupewa mzoefu wa kutembea naye: amshikie bendera, amwandikie kadi, amwongoze. Katibu wetu mpya, Rhona Meikle, aliniuliza kama nitakubali kuwa mmoja wa wazoefu. Alisema kila mtu anajua Mwalimu Tulloch alicheza sana mashindano alipokuwa akifundisha Aberdeen.

Hapa niseme kweli, kwa kuwa shajara haina mdomo. Aberdeen nilicheza kila Jumatano na Dalgleish, mwalimu wa kemia. Sisi wawili tu, mpaka magoti yake yalipomkataa. Shindano sijaingia hata moja. Jina langu lilipaswa kuwa upande wa wageni.

Nilifungua mdomo nimsahihishe Rhona. Nikausikia ukisema, "Kwa heshima kubwa, binti yangu."

Wakati wa chakula Effie, mke wangu, aliuliza mbona masikio yangu mekundu. Nikasema ni upepo. Akasema huo upepo umeanza lini kuvuma jikoni.

Jumanne, 7 Mei

Asubuhi nilikuwa uwanjani na Senga Wishart. Mwanafunzi wangu. Nimemfundisha tangu majira ya baridi, kwa hiari yangu, na kwa hiari yake pia, nadhani.

Senga alikuwa mpishi wa klabu. Supu ya dengu ya Inverwhin ni yeye. Kila Ijumaa alipanda ngazi na kitambaa akaupangusa ule ubao wa ukumbini, jina kwa jina. Anayajua yote kwa moyo kama wengine wanavyojua nyimbo za kanisani. Amestaafu, akanunua fimbo za mitumba, na Jumamosi ni Birika lake.

Aliniambia leo, akiangalia bahari na si mimi: "Mwalimu, nimeyapangusa majina ya watu mpaka mkono umepinda. Nataka langu lipanguswe na mtu mwingine."

Nikamweleza kuhusu upepo.

Sasa niandike jambo la aibu kidogo. Mpira wangu ukiwa mbali na shimo, mimi ni mwanamume kamili. Ukiwa umbali wa kiatu, mikono hunitetemeka kama ya mtu anayeiba yai chini ya kuku. Dalgleish alikuwa na ugonjwa huohuo. Ndipo tukaanzisha adabu yetu. Mpira wa mwenzako ukikaribia shimo, unasema, "Chukua, umepewa." Anauokota, anajihesabia mkwaju mmoja, mnaendelea na safari. Mimi nilimpa yeye, yeye akanipa mimi. Nadhani mara ya mwisho kuona mpira wangu ukiingia shimoni, Effie alikuwa bado na nywele nyeusi.

Adabu hii nimemrithisha Senga. Mwanzoni ilimshangaza. Alisema mbona mpira haujaingia. Nikamwambia umeingia kimaadili. Alifikiri, kisha akasema kwamba jikoni kwake supu ilikuwa ama iko bakulini ama iko sakafuni, kimaadili haikuwahi kuwa mahali popote.

Nilicheka, nikampa. Mbele kidogo naye akaanza kunipa mimi. Mwanafunzi mzuri sana!

Jumatano, 8 Mei

Kesho jioni ni kura. Majina ya wageni hutiwa ndani ya bakuli kubwa la supu, kila mzoefu huzamisha mkono na kutoka na mgeni wake.

Hatari! Naweza kumpata Konstebo Struan Geddes. Kijana mrefu, mabega kama mlango wa ghala, na anauliza maswali. Juzi aliniuliza kanuni inasemaje mpira ukitumbukia ndani ya shimo la sungura. Nikamwambia inategemea sungura. Aliiandika.

Ni lazima nimpate Senga. Senga ananiamini. Tena anacheza vizuri kuliko anavyojua mwenyewe, na akishinda, kila mtu atauliza nani alimfundisha. Hapo ndipo nitakapoombwa kutoa nasaha za kila mwaka kwa wageni. Kwa sasa hutolewa na Kapteni, Ninian Baikie, daktari wa mifugo. Mikono yake hunuka dawa ya kuogeshea kondoo, na nasaha zake ni sentensi moja. Moja! Kila mwaka ileile! Mimi ninazo kurasa.

Nilimwomba Rhona aniachie kazi ya kuandika vikaratasi vya kura, kwa kuwa mwandiko wangu husomeka. Alishukuru mno. Kikaratasi cha Senga nimekipaka nta ya mshumaa, ili vidole vyangu vikitambue ndani ya bakuli.

Si udanganyifu. Ni kumlinda mwanafunzi dhidi ya mwalimu mbaya.

Effie aliniuliza nafanya nini na mshumaa mchana kweupe. Nikasema naukagua. Akasema, "Haya mzee, kagua."

Alhamisi, 9 Mei

Kwanza kura. Nilizamisha mkono. Nta, naam, niliihisi mara moja. Nikavuta. Vikatoka vikaratasi viwili vimegandana kama maharusi.

Baikie alisema, "Jamani, Mwalimu ana njaa. Amepakua sahani mbili."

Watu wakacheka. Nikavibandua kwa jasho. Cha pili kilikuwa cha Konstebo. Nikakirudisha haraka nikasema nimechagua cha juu. Baikie alikichukua cha Senga kutoka mkononi mwangu, akakinusa, akasema kinanuka kanisa. Akanirudishia. Uso uliniiva. Yeye mwenyewe akampata Konstebo.

Kisha nasaha. Baikie alisimama, akashika bilauri yake, akasema sentensi yake.

"Cheza hadi usikie."

Basi! Akaketi. Na ukumbi mzima ukainua vikombe na bilauri, ukagonga kitako mezani mara moja. *Tok.* Nami niligonga, nikachelewa kidogo, chai ikanirukia suruali.

Senga alinivuta shati akauliza asikie nini. Alisema miaka yote akiwa jikoni alisikia kule kugonga kupitia dirisha la kupitishia chakula, na alidhani wanadai supu zaidi. Nilitabasamu kwa upole. Nikamweleza kwamba usemi huo una kina. Mchezaji husikia upepo, husikia bahari, na mwisho husikia nafsi yake ikitulia. Huko kugonga ni mila ya zamani ya kutakia heri. Nilieleza mpaka supu ikapoa.

Senga alisema, "Kumbe. Na mimi nilidhani ni kitu cha kawaida."

Wakati wa kuondoka Baikie alinishika kiwiko mlangoni. Aliuliza kama nimemweleza Bi Senga kila kitu. Nikasema kila kitu. Akauliza, na kanuni za shindano la kuhesabu mikwaju? Nikasema, "Kapteni, hizo nilizinyonya na maziwa."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hakuna aliyenilazimisha.

Nyumbani nilikifungua kijitabu cha kanuni. Nilisoma dibaji. Dibaji imeandikwa vizuri sana. Nikaweka alama mahali hapo.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua. Nimetia viatu kamba mpya.

Effie aliuliza kama nitamwambia Rhona ukweli kabla ya kesho. Nikasema bado mapema. Akauliza haitakuwa mapema lini. Nikasema Jumapili.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika kwa kuwa siwezi kuketi na Effie. Hanisemeshi vibaya. Hilo ndilo tatizo.

Asubuhi ukungu ulipanda kutoka baharini, mzito kama pamba. Tulitoka wa mwisho. Mbele yetu walikuwa Baikie na Konstebo. Tulisikia tu Konstebo akiuliza maswali ndani ya weupe.

Senga alicheza! Sijawahi kuona. Mpira wake hauendi mbali lakini unaenda mbele, kama mtu anayesukuma meza ya magurudumu yenye supu na hataki imwagike. Vile vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, vinavyokula mipira yangu kila juma, yeye alivipita kama havijui. Mashimo ya mchanga aliyazunguka. Mimi nilishika bendera, niliandika kadi, nilieleza.

Na kila mpira wake ulipolala karibu na shimo, nilisema, "Chukua, Senga, umepewa." Nikamhesabia mkwaju mmoja juu yake, maana mimi si mwizi.

Kwenye shimo la kumi na sita mpira ulisimama ukingoni kabisa, umbali wa ganda la njugu. Senga hakuokota. Alisimama na fimbo yake. Alisema, "Mwalimu, niache huu niusukume. Nataka tu kusikia."

Nikamwambia watu wazima hawajionyeshi, adabu ni adabu, na kwamba asikilize bahari.

Akainama, akauokota.

Shimo la mwisho liko chini ya madirisha ya ukumbi. Ukungu ulikuwa umefunguka na watu wamejazana vioo vyote. Mpira wake ulikuwa mbali, mwisho mwingine wa grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo; huwezi kumpa mtu mpira wa mbali hivyo. Akausukuma. Ukaja polepole, ukakunja kona, ukafika ukingoni, ukaingia.

*Tok.*

Watu walipiga makofi nyuma ya vioo. Mimi nilihisi kitu kama mwiba ndani ya kifua. Ile sauti nilikuwa nimeisikia Alhamisi, mezani. Nikaufukuza mwiba. Nilikuwa na hotuba ya kupanga.

Kadi zikahesabiwa. Baada ya kila mtu kupunguziwa mikwaju yake ya handikapu, ambayo mchezaji dhaifu hupewa mingi zaidi, Senga alikuwa wa kwanza. Konstebo wa pili, mikwaju miwili nyuma. Rhona alipotangaza, Senga hakuangalia birika. Aliangalia ubao. Ilibaki nafasi chini ya jina la mwisho, naye aliitazama kama mtu anayepima pazia.

Kabla ya kukabidhi, Baikie huuliza kila jozi swali lake. "Mlisikia?" Jozi hujibu, "Tulisikia." Basi, hujibiwa hivyo tu. Konstebo na wengine wote walijibu hivyo.

Ikafika zamu yetu. Senga alifungua mdomo. Mimi nikasimama.

Nilisema tulisikia, Kapteni, tena tulisikia mengi! Nikataja upepo. Nikataja ndege. Nikasema kwamba Birika hili ni ushindi wa adabu kuliko nguvu, kwa kuwa kila mpira wa mwanafunzi wangu ulipokaribia shimo nilimpa kwa moyo mkunjufu, kuanzia wa kwanza mpaka ule wa kumi na sita uliokuwa umbali wa ganda la njugu.

Ukumbi ulinyamaza. Si ukimya wa kusikiliza. Nimefundisha maisha yangu yote, naijua tofauti.

Baikie aliuliza polepole, "Ulimpa, Mwalimu?"

Nikasema nilimpa.

Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba watu wawili wakishindana peke yao, shimo kwa shimo, mmoja anaweza kumpa mwenzake, maana anatoa kilicho chake. Lakini katika Birika wanacheza watu kumi. "Unaweza kutoa sadaka ng'ombe wako, Mwalimu. Wa majirani huwezi. Hapa kila mpira lazima uingie. Lazima usikike."

Akamgeukia Senga. Alimuuliza kama kwenye kumi na sita alisikia.

Senga alinitazama. Mara moja tu, muda mfupi. Kisha akasema, "Sikusikia, Kapteni. Niliokota."

Kapteni akamuuliza nani alimwambia aokote.

"Nilijichanganya mwenyewe."

Na mimi, ambaye mdomo wangu haukufungwa na mvua, wala na mahubiri, wala na Effie, leo niliufunga. Niliutazama mkono wangu ulioshika kadi. Haukutetemeka hata kidogo.

Birika lilikwenda kwa Konstebo. Alilipokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mtu mwingine. Senga alimpongeza, akamnyooshea kola. Kisha akapita dirisha la chakula, akaingia jikoni ambako hana kazi tena, akafunga aproni ya mtu, akaanza kutupakulia supu.

Alinipakulia na mimi. Akaniwekea mkate.

Jumapili, 12 Mei

Kanisani mchungaji alihubiri juu ya ulimi. Effie alinipa peremende nzima, badala ya nusu. Ananihurumia. Ningependa anipige.

Nje, kwenye ngazi, nilisikia wawili wakisema kwamba maskini Senga amezeeka, kichwa kimeanza kuvuja, afadhali aliacha jikoni kabla hajaunguza nyumba. Effie naye alisikia. Alisimama palepale akaniambia, "Utawaacha waseme?"

Nikasema nitatafuta wakati mwafaka.

Akasema, "Aeneas." Jina langu tu. Hajaliita mbele ya watu tangu harusi.

Nilikwenda. Baikie alikuwa kwenye zizi la shamba moja juu ya kilima, mkono mzima ndani ya ng'ombe. Nilianza na utangulizi. Nilieleza hali ya gofu Aberdeen, na magoti ya Dalgleish. Ng'ombe akalia. Baikie akasema, "Mwalimu, fupisha, mimi na huyu mama tuna kazi."

Nikasema: sijawahi kucheza shindano. Mimi ndiye niliyemwambia aokote. Alitaka kuusukuma, nikamkataza. Kikaratasi nilikipaka nta.

Kwanza alimvuta ndama akatoka. Alikuwa ndama jike, mwenye miguu mirefu na mshangao. Baikie akajifuta mikono, akasema kwamba la nta alilijua.

Nilimuuliza kama Senga anaweza kurudia mwaka ujao. Akatikisa kichwa. Aliyekwisha kupiga mpira wa kwanza wa Birika si mgeni tena, hata akiondolewa. Ndiyo kanuni, na ubao ule umeandikwa kwa kanuni hiyo tangu enzi za babu zao.

Kisha akasema, "Lakini wewe, Mwalimu, hujawahi. Wewe bado ni mgeni. Mwaka ujao Birika ni halali yako."

Mungu anisamehe. Nilifurahi. Nilifurahi kwanza, ndipo nikaona haya. Mpangilio huo wa hisia nauandika kama ulivyokuwa.

Jumatatu, 13 Mei

Baikie alinipa sharti: mchana, ukumbini, mbele ya wote, kwa sentensi moja. Nilipeleka rasimu tatu kwa Effie. Zote alizikata mpaka yakabaki maneno mawili.

Nilisimama wakati wa supu. Nikasema, "Nilimwambia mimi."

Nikaketi. Ilikuwa hotuba yangu fupi kuliko zote, na sikuona mahali pa kuongeza mfano. Kisha mtu mmoja nyuma akagonga kikombe. *Tok.* Alikuwa Konstebo. Nikala pai yangu bila kuionja.

Baadaye nikaenda kwa Senga. Alikuwa uani akianika mashuka. Aliendelea kuanika. Nilisema niliyokuja kusema, nikashikilia kapu la vibanio.

Aliuliza, "Mwalimu, ulinidanganya, au hukujua?"

Nikasema, kwa unyenyekevu, na kwa matumaini kidogo, kwamba sikujua.

"Basi hilo ni baya zaidi. Mwongo angalau angekuwa ameisoma kanuni."

Nikampa kibanio.

Nilimwambia kuhusu ubao, kwamba Birika halirudiwi. Alisema anajua. Anajua kila jina pale na kila lililokosekana. Kuna ubao mwingine, alisema, ule wa Ngao, ukuta wa mkono wa kulia, ambao nao alikuwa akiupangusa. Ngao ni ya Septemba. Haina wageni, wanacheza wote, Baikie akiwemo. Atacheza Ngao.

Nilianza kumweleza kwamba Ngao ni ngumu mno kwa—

Aliniangalia juu ya shuka.

Hukumu yangu ni hii. Nitakwenda kila asubuhi. Nitashika bendera. Nitafunga mdomo. Hatanipa, sitampa.

Nilipofika langoni aliniita. Nikageuka nikijua amenisamehe. Aliniomba kapu lake la vibanio.

Alhamisi, 16 Mei

Siku ya tatu ya bendera.

Senga huweka mipira yake kuzunguka shimo kama mtu anayepanga sahani, kisha huisukuma mmoja baada ya mwingine. *Tok. Tok. Tok.* Ule aliouacha kwenye kumi na sita hajautaja. Lakini hufanya zoezi hili kwenye grini ya kumi na sita, si kwingine, na mpira mmoja huuweka mwisho, umbali wa ganda la njugu, akausukuma kwa uangalifu uleule kama ule wa mbali. Husikiliza. Huuokota.

Nilinyamaza vizuri sana. Mpaka kwenye mpira wa saba, nilipoona goti lake. Nikaanza kusema kwamba Aberdeen tuliamini goti la kushoto... Alininyooshea fimbo tu, bila kugeuka. Nikaishika bendera kwa mikono miwili.

Njiani kurudi nilipitia kwa Rhona nikajiandikisha Birika la mwaka ujao, upande wa wageni. Nilimdokezea kwamba wageni wenzangu wangefaidika na nasaha za mtu ambaye tayari amesababisha mtu kuondolewa. Ni uzoefu adimu. Rhona alisema atalifikisha kwa Kapteni. Alikuwa akiuma midomo, bila shaka kwa kuguswa.

Alasiri nilirudi uwanjani peke yangu. Nilitaka kutubu kwa vitendo. Niliweka mpira umbali wa kiatu. Nikausukuma. Ukapita kushoto. Nikaurudisha, ukapita kulia. Wa tatu nauita upepo. Wa nne ulizunguka ukingo wote kama mtu anayetafuta choo usiku, ukatoka. Mikono ilikuwa ileile ya yai na kuku.

Wa tano ulisimama ukingoni kabisa. Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu, ila mbwa wa Kapteni, na yeye ni rafiki. Nikasema kwa sauti, "Chukua, umepewa."

Nikauokota. Nilikuwa nimeshaondoka hatua chache ndipo dhamiri ikanishika. Hapana, nilijiambia, hujajifunza kitu! Lazima usikike! Nikarudi. Nikainama juu ya shimo, nikaudondosha kwa mkono.

*Tok.*

Nilisikia waziwazi. Nimejihesabia mkwaju mmoja, maana mimi si mwizi.

Lakini wewe unayeanza, uliyeikuta shajara hii baada yangu, usiniige katika hilo. Mimi nina mazingira ya pekee, nayo yangehitaji kurasa nyingine. Wewe fanya moja tu, leo hii, kabla ya chai: weka mpira karibu na shimo, usukume kwa fimbo, na usiondoke hapo hadi usikie.